Kocha Aliyefutwa Kazi: Maisha ya Vernon Louis Parrington

Kuna kozi ukizitaja nyumbani hakuna anayeuliza swali la pili. Udaktari, sheria, uhasibu, uhandisi: mjomba anaitikia kwa kichwa, shangazi anaanza kukuita kwa cheo kabla hujamaliza mwaka wa kwanza. Na kuna kozi ukizitaja watu wanakaa kimya kidogo, halafu linakuja lile swali: sasa hiyo ukimaliza unakuwa nani?

Huko Marekani mojawapo ya kozi za namna hiyo inaitwa American Studies, tuseme Taaluma za Marekani. Mwanafunzi anayeichagua kuwa somo lake kuu hasomi historia peke yake wala fasihi peke yake. Anasoma riwaya pamoja na sheria za enzi ile ile, hotuba za wanasiasa pamoja na mahubiri ya wachungaji, bei ya mazao pamoja na nyimbo za waliolima mazao hayo. Anachotafuta ni kimoja: watu wa nchi hii walifikaje hadi wakawaza hivi wanavyowaza? Kupata jibu inabidi apite idara nne au tano, na kila idara ina mlango wake na mlinzi wake.

Leo kozi hiyo ni jambo la kawaida kwenye vyuo vikuu vya kule. Mwishoni mwa karne ya 19 haikuwepo kabisa. Hata fasihi ya Marekani yenyewe ilikuwa mtoto wa kambo vyuoni. Maprofesa walifundisha Shakespeare na Milton, na waandishi wa nyumbani wakapewa muda uliobaki, kama upo. Wapo watu kadhaa walioigeuza hali hiyo. Makala hii inamhusu mmoja wao, ambaye jina lake lilikuwa kubwa mno katika vyuo vya Marekani kwa miaka ishirini hivi, kisha likashushwa chini na wasomi waliomfuata. Ni Vernon Louis Parrington: mtoto wa shamba, kocha wa timu ya chuo, mwalimu aliyefutwa kazi, mshindi wa tuzo ya Pulitzer, na mtu ambaye hadi anaingia kaburini hakuwa na shahada ya uzamivu.

Mahindi jikoni

Parrington alizaliwa tarehe 3 Agosti 1871 katika mji wa Aurora, jimbo la Illinois. Baba yake aliwahi kuwa askari wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Vernon akiwa bado mtoto, familia ilihamia Kansas ikaanza kulima karibu na kijiji cha Americus. Kansas ya wakati ule ni tambarare, upepo, nyasi, na wakulima waliokuja na matumaini makubwa na mikopo mikubwa zaidi.

Matumaini hayo hayakudumu. Bei ya mahindi ilishuka. Kampuni za reli ndizo zilizopanga nauli ya kusafirisha mazao, na mkulima hakuwa na njia nyingine ya kuyafikisha sokoni. Benki nazo zilidai riba yao mvua inyeshe isinyeshe. Ilifika mahali kuuza mahindi na kununua makaa ya mawe hakukuleta maana tena, watu wakayatia mahindi yenyewe jikoni yawe kuni. Parrington aliota moto wa namna hiyo akiwa kijana, na hakuusahau. Hebu fikiria: unalima msimu mzima, unavuna, halafu chakula unakichoma upate joto, kwa sababu kuna watu wawili watatu mjini ambao wamepanga kwamba jasho lako halina thamani.

Wakulima wa Kansas hawakukaa kimya. Waliunda vyama, wakaingia kwenye siasa, na mwaka 1892 chama chao, People's Party, kikasimamisha mgombea wa urais. Hawakushinda Ikulu, ila walimfundisha kijana yule jambo ambalo hakuna idara ya chuo iliyolifundisha: kwamba nyuma ya maneno mazuri ya wanasiasa na washairi kuna mtu anayelipa na mtu anayelipwa. Kumbuka hilo, maana ndilo litakalozaa kitabu.

Masomo ya chuo alianzia College of Emporia, chuo kidogo cha Wapresbiteri hapo hapo Kansas, kisha akahamia Harvard na kumaliza mwaka 1893. Harvard haikumkumbatia. Alikuwa mtoto wa bara katikati ya vijana wa familia za pwani ya mashariki, wenye majina, wenye pesa, wanaojuana tangu sekondari. Aliyewahi kutoka shule ya kata akajikuta darasani na waliosoma shule za ada kubwa ataelewa bila maelezo. Alipata shahada yake, akaondoka, na maisha yake yote aliikumbuka Harvard bila mapenzi.

Mwaka aliohitimu ndio mwaka uchumi wa Marekani ulipoporomoka. Benki zilifungwa, ajira zikakauka. Kijana mwenye shahada ya Harvard akarudi Emporia kufundisha Kiingereza na Kifaransa kwenye kile chuo chake kidogo. Huko ndiko alikopata pia shahada ya uzamili, mwaka 1895, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Mwalimu wa Kiingereza anafundisha mpira

Mwaka 1897 alihamia Chuo Kikuu cha Oklahoma, mjini Norman. Jina lisikudanganye. Oklahoma ilikuwa bado haijawa jimbo, na chuo chenyewe kilikuwa kimefungua milango mwaka 1892 tu, kwenye uwanda usio na miti. Walimu walikuwa wachache kiasi kwamba kila mmoja alibeba kazi za watu watatu. Parrington alifundisha Kiingereza karibu peke yake, akaijenga idara kuanzia sifuri.

Na kama vile hiyo haitoshi, akapewa timu. Kuanzia 1897 hadi 1900 alikuwa kocha wa futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai. Katika misimu minne timu yake ilicheza mechi 12, ikashinda 9, ikatoka sare 1, ikapoteza 2. Si mchezo. Mpaka leo kwenye orodha za makocha wa Oklahoma, chuo kinachoabudu mpira huo, utalikuta jina lake, na mashabiki wengi wanaolisoma pale hawajui kama huyo bwana aliwahi kuandika kitabu.

Miaka ya Norman ilikuwa mizuri. Mwaka 1901 alimwoa Julia Williams, wakapata watoto watatu. Alipenda bustani, uchoraji na usanifu wa majengo, na alimsoma sana Mwingereza William Morris, mshairi na fundi aliyeamini kwamba uzuri wa kiti au wa nyumba hautengani na hali ya mfanyakazi aliyekitengeneza kiti hicho. Mwaka wa masomo 1903 hadi 1904 alisafiri Ulaya, akakaa Uingereza na Paris, akashinda kwenye maktaba. Mambo yote hayo, shamba la Kansas, kiti cha Morris, mashairi, siasa za wakulima, yalikuwa yanakaa kichwani mwake pamoja. Chuo kiliyapanga kwenye vyumba tofauti. Yeye hakuona kuta zake ziko wapi.

Kisha siasa ikaingia chuoni. Oklahoma ilipata hadhi ya jimbo mwezi Novemba 1907, gavana mpya akaapishwa, na bodi mpya ya chuo ikateuliwa. Mwaka 1908 bodi hiyo ilimwondoa mkuu wa chuo, David Ross Boyd, pamoja na kundi la walimu. Parrington alikuwamo. Sababu zilichanganyika: nafasi za kuwapa watu wa chama kilichoshinda, na malalamiko ya watu wa makanisa kuhusu walimu wanaovuta sigara, wanaocheza karata na dansi. Parrington alikuwa mvutaji. Miaka kumi na moja ya kazi, idara aliyoijenga kwa mikono yake na nyumba yenye bustani vyote vikaisha kwa uamuzi wa kikao. Alikuwa na miaka 36, mke, watoto, na hana kazi.

Mtu mwingine angevunjika moyo. Yeye alipata nafasi kwenye Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, pwani ya magharibi, akaanza upya kwa cheo cha chini. Baadaye maishani alikiri kwamba kufutwa kule ndiko kulikomfikisha alipotakiwa kuwa. Tusiharakishe kuligeuza hilo kuwa fundisho tamu, lakini. Wapo wengi waliofukuzwa siku ile ile ambao hakuna anayewaandikia makala.

Marafiki wawili waliofukuzwa

Seattle ilimpa vitu viwili: muda na rafiki. Rafiki aliitwa J. Allen Smith, mhadhiri wa sayansi ya siasa, ambaye naye aliwahi kuondolewa chuo kingine mwaka 1897 wakati mawazo yake ya kisiasa yalipowakera wakubwa. Mwaka 1907 Smith alichapisha kitabu, The Spirit of American Government, akidai kwamba Katiba ya Marekani ya 1787 ilitungwa kwa sehemu kubwa ili kuwazuia walio wengi wasitawale kweli. Kwa nchi inayoiheshimu katiba yake kama msahafu, hilo lilikuwa bomu. Miaka sita baadaye mwanahistoria Charles Beard akasukuma hoja ya jirani na hiyo, kwamba walioiandika katiba walikuwa na mali za kulinda.

Parrington aliwasikiliza watu hao akaona ufunguo. Wao walikuwa wameisoma sheria kwa jicho la uchumi. Je, mtu akiisoma fasihi yote ya Marekani kwa jicho hilo? Na akiacha kuchagua mashairi mazuri tu, akasoma pia mahubiri, vijitabu vya kisiasa, hotuba za bungeni, barua, hukumu za mahakama, yaani kila kitu ambacho Wamarekani waliwahi kuandika wakigombania namna ya kuishi?

Hapo ndipo muda ulipohitajika. Alifundisha mchana, akasoma na kuandika usiku, kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1917 ilitoka sura moja aliyoandika kuhusu wachungaji wa Kipuritani kwenye mkusanyiko mkubwa wa historia ya fasihi ya Marekani, na zaidi ya hapo dunia ya wasomi haikujua kama yupo. Wachapishaji zaidi ya mmoja waliukataa mswada wake. Ulikuwa mrefu mno, na haukueleweka uwekwe rafu gani. Ni historia? Ni fasihi? Ni siasa? Ni lile swali la shangazi, safari hii likiulizwa na wafanyabiashara wa vitabu.

Wakati huo huo wanafunzi wake walikuwa wanamjua vizuri. Darasani hakusoma madesa ya zamani yaliyobadilika rangi. Aliuliza swali, akasubiri, akauliza jingine juu ya jibu ulilotoa, mpaka ukajikuta umefika mahali ambapo hukupanga kwenda. Madarasa yake yalijaa. Waliomaliza hapo walikuwa wamezoea jambo moja: ukisoma maandishi yoyote, uliza mwandishi alikuwa anaishi vipi, alikuwa anamwogopa nani, na hoja yake ikishinda nani anakula.

Kitabu

Mwaka 1927, akikaribia kutimiza miaka 56, juzuu mbili za kwanza zilitoka New York kwa jina la Main Currents in American Thought, yaani mikondo mikuu ya fikra za Marekani. Juzuu ya kwanza inaanza 1620 hadi 1800, ya pili inaendelea hadi 1860. Alizitabaruku kwa kumbukumbu ya J. Allen Smith, ambaye hakuishi kuziona.

Jinsi kitabu kinavyofanya kazi tuone kwa mifano miwili. Katika koloni la Massachusetts, miaka ya 1630, kulikuwa na wachungaji wawili. John Cotton alitaka kanisa na dola vishikane, na wateule waongoze. Roger Williams alisema dola haina haki ya kushika dhamiri ya mtu. Williams alifukuzwa kwenye koloni, akaenda kuanzisha Providence mwaka 1636. Mtaalamu wa dini angesoma hapo mgogoro wa teolojia. Parrington alisoma mgogoro wa madaraka uliovaa nguo za teolojia: nani atawale, na kwa idhini ya nani?

Ruka sasa miaka 150 mbele. Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha, anataka benki ya taifa, viwanda, na matajiri wafungwe na serikali kwa kamba ya mikopo. Thomas Jefferson anataka taifa la wakulima wadogo wenye ardhi yao, na serikali isiyowakalia kichwani. Kwa Parrington huo ulikuwa mzozo ule ule, umebadilisha majina tu. Mkondo mmoja ni wa mali na mamlaka, mwingine ni wa watu wa kawaida na uhuru wao, na mito hiyo miwili inapita ndani ya kila hotuba, kila riwaya na kila shairi la nchi ile.

Na hakujificha. Mwanzoni kabisa mwa kitabu alimwambia msomaji wazi kwamba yeye yuko upande wa Jefferson. Wasomi wa siku zile walipenda kujifanya hawana upande, na ukiwafuatilia ulikuta wanao. Yeye aliweka kadi zake mezani, msomaji akaamua mwenyewe.

Mwaka 1928 kitabu kilipata tuzo ya Pulitzer ya historia. Mwalimu wa Kiingereza kutoka chuo cha pembezoni, asiye na shahada ya uzamivu, amewapita wanahistoria kwenye uwanja wao. Vyuo vikubwa vikaanza kuulizia huyu mtu ni nani. Kizazi kizima cha wanafunzi kilichokuja kukumbwa na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 kilimsoma kama mtu aliyewaona kabla hawajafika, maana nao waliona maziwa yakimwagwa na mazao yakiharibiwa wakati watu wana njaa.

Umaarufu wenyewe hakuufaidi. Mwaka 1929 alisafiri kwenda Uingereza kupumzika na kuendelea na juzuu ya tatu. Tarehe 16 Juni alifariki ghafla katika mji mdogo wa Winchcombe, Gloucestershire, akiwa na miaka 57. Juzuu ya tatu, inayoanza 1860, ilichapishwa mwaka 1930 kama alivyoiacha, na vipande vipande vya sura ambazo hazikumalizika. Ndani yake yumo mkulima wa tambarare anayechoma mahindi. Alikuwa amemhifadhi miaka arobaini.

Walichomjibu waliomfuata

Baada ya kifo chake mlango aliousukuma ulifunguka. Katika miaka ya 1930 Harvard na Yale, na vyuo vingine, vilianza programu ambazo mwanafunzi anasoma historia na fasihi ya Marekani kwa pamoja. Mwaka 1940 Henry Nash Smith alihitimu uzamivu wa Harvard katika ustaarabu wa Marekani, wa kwanza kabisa wa aina hiyo. Jarida la American Quarterly lilianza Minnesota mwaka 1949, na chama cha wanataaluma, American Studies Association, kikaundwa mwaka 1951. Vitu vilivyokuwa kichwani mwa mtu mmoja mwenye bustani Seattle sasa vilikuwa na ofisi, bajeti na mitihani.

Na kama kawaida, watoto walianza kumhukumu baba. Perry Miller wa Harvard aliwasoma upya Wapuritani akaonyesha kwamba imani yao ilikuwa na kina ambacho Parrington, mwenye hamu ya kufika kwenye uchumi, alikiruka. Lionel Trilling, mhakiki wa New York, alimshambulia vikali: Parrington, alihoji, aliamini kwamba kitu halisi ni kile kigumu unachoweza kukishika, kama ardhi na pesa, na hivyo mwandishi wa mambo ya ndani ya nafsi alimpita pembeni. Ushahidi ulikuwepo. Edgar Allan Poe, ambaye dunia nzima inamsoma, alipewa nafasi finyu mno. Henry James hakupata nafuu kubwa.

Hizo ni lawama za kweli, ila ipo iliyo nzito zaidi. Jefferson, shujaa wa kitabu, mtu wa watu wa kawaida na uhuru wao, alimiliki katika maisha yake zaidi ya watumwa 600. Parrington aliandika juu ya utumwa, na kurasa nyingi: aliwachambua wanasiasa weupe walioutetea, kama John C. Calhoun, na waandishi weupe walioupinga, kama William Lloyd Garrison na Harriet Beecher Stowe. Lakini Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, akatoroka, akaandika maisha yake mwenyewe na kuwa mmoja wa wasemaji wakubwa wa karne ile, hakupewa sura. W. E. B. Du Bois, ambaye The Souls of Black Folk ilitoka mwaka 1903, Parrington akiwa Norman, hakupewa sura. Mtu aliyejua kuuliza nani analipa na nani analipwa hakuwauliza waliofanya kazi bila kulipwa kabisa.

Si kwamba maandishi yao yalifichwa. Yalikuwepo maktabani. Alivuka kuta za idara zote, akasimama kwenye ukuta ambao hakuuona kwa sababu ulikuwa umepita ndani ya nyumba yake. Du Bois ilibidi aujibu upande huo mwenyewe: mwaka 1935 alichapisha Black Reconstruction, kitabu kinachotumia historia, uchumi na siasa kwa pamoja kuonyesha kwamba watumwa walijikomboa kwa kuacha kazi na kwenda upande wa jeshi la Kaskazini. Njia ni ya jirani na ya Parrington. Anayeongea ndiye amebadilika.

Ukuta wenyewe ndani ya vyuo ulikuja kutikiswa na wanafunzi. Mwezi Novemba 1968 wanafunzi wa San Francisco State walianza mgomo uliodumu hadi Machi 1969, wakidai historia za watu weusi na jamii nyingine zilizoachwa nje zifundishwe na ziwe na idara. Walipigwa, walikamatwa, na mwisho wakapata idara ya taaluma za watu weusi na kitivo kizima cha taaluma za makabila na jamii. Taaluma za Marekani zinazofundishwa leo, ambako mwanafunzi anasoma Jefferson na waliolima shamba la Jefferson kwenye wiki moja, zimetokana na mgomo huo na mingine kama huo kuliko zilivyotokana na kitabu cha 1927. Lakini swali lililotumika kukipasua kitabu cha Parrington ni lile lile alilowazoeza wanafunzi wake darasani: hoja hii ikishinda, nani anakula?

Chuo Kikuu cha Washington kina jengo la zamani linaloitwa Parrington Hall, lililopewa jina lake mwaka 1931. Wanafunzi wanapita hapo kila siku, na wengi wao bila shaka hawajui jina hilo ni la nani. Juzuu zake tatu bado zinapatikana kwenye maktaba za vyuo, na anayezifungua leo azisome kama yeye alivyowasoma wengine: kalamu mkononi, bila woga wa jina lililo kwenye jalada.

Na sisi je? Vyuoni kwetu kuna ile DS tunayoisoma kwa lazima, kozi inayochanganya historia, uchumi na siasa ndani ya semista moja, na ambayo wengi wetu tunaikomalia wiki ya mtihani tu ili isitupe supu, kisha tunaiuza kwa wa mwaka wa kwanza kama madesa. Waliobuni kozi za namna hiyo walikuwa na swali linalofanana na la mtoto yule wa Kansas: kwa nini anayelima ndiye anayekosa? Swali hilo halina idara. Mhandisi atalikuta kwenye bei ya umeme kijijini, daktari atalikuta kwenye foleni ya zahanati, mwanasheria atalikuta kwenye hati ya shamba. Shangazi akiuliza ukimaliza unakuwa nani, jibu la Parrington lilikuwa refu na lilimchukua miaka 55 kulitoa: mwalimu, kocha, mtunza bustani, mtu asiye na kazi, mwanahistoria. Na hata hivyo aliwaacha watu nje ya kitabu chake. Wapo pia walioachwa nje ya vitabu vyetu, na maktaba inafungwa saa nne usiku.